Kuandika kiapo cha ndoa kitakachofaa hata baada ya harusi

Anzeni wiki tatu kabla, si usiku wa kuamkia harusi. Kila mmoja aandike peke yake, ila kubalianeni urefu: dakika moja na nusu, yaani maneno kama 150. Bila hivyo, mmoja atahutubia na mwenzake atabaki na sentensi mbili mkononi.

Ahadi tatu hadi tano zinatosha. Hapa ndipo wengi huharibu: "Sitakuudhi kamwe" itavunjika kabla keki haijaisha. Andika kitu kinachoonekana: "Tukigombana, sitaondoka bila kukuambia nakwenda wapi na narudi saa ngapi." Utani mmoja unaruhusiwa, siri ya chumbani, hapana.

Soma kwa sauti mara tano. Neno linalokukwaza, libadilishe. Nakili kwenye kadi ngumu kwa herufi kubwa, maana karatasi nyepesi hutetemeka pamoja na mkono (na simu hujizima palepale machozi yanapoanza). Nakala ya pili mpe msimamizi wako.

Baada ya harusi, kadi isifungiwe kwenye albamu. Kila mwezi itoeni kwa dakika 20, simu zikiwa mbali: kila mmoja ataje ahadi aliyoilegeza yeye mwenyewe, si ya mwenzake.