Kupunguza uzito kwa chakula chetu cha Kigoma: somo la hatua kwa hatua, na maswali yenu

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini, siyo daktari wala mtaalamu wa lishe. Ila kazi yangu ni viuno vya watu. Nina daftari la vipimo la miaka kumi na moja, na ukilifungua utamwona mteja yuleyule ameanza na kiuno cha inchi 30, mwaka wa pili 33, kisha 37, halafu anakuja kunilalamikia kwamba kitambaa kimerudi baada ya kufuliwa. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo, mpaka siku nilipojizungushia futi mwenyewe. Inchi 41. Kilo 84, kwa urefu wa mita 1.60.

Leo nina kilo 73. Imenichukua miezi minane. Sikuacha ugali wa muhogo, sikuacha mawese, na vyakula vya kopo sikugusa. Dagaa, sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), maharage, ni vilevile alivyotulisha mama. Kilichobadilika ni kipimo.

Kabla ya hapo nilishatupa elfu thelathini kwa "chai ya kukata tumbo" niliyouziwa na mtu aliyepita dukani. Siku nne nilishinda chooni, mzani ukashuka kilo mbili, nikashangilia. Nilipoacha kuinywa, kilo zote mbili zilirudi kabla wiki haijaisha. Yalikuwa maji tu. Basi somo hili naliandika nikiwa na hasira kidogo.

Hatua ya kwanza: jipime, uandike

Chukua futi ya fundi. Asubuhi, kabla hujala, zungusha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usivute tumbo ndani! Wateja wangu wote huvuta, na gauni huja kuwabana wao, siyo mimi. Kwa mwanamke, hatari ya kisukari, presha na moyo huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu hivi, na huwa kubwa kikipita 88. Kwa mwanaume ni 94, ambazo ni inchi 37, kisha 102, ambazo ni inchi 40.

Uzito pima zahanati au duka la dawa lenye mzani. Kisha zidisha urefu wako kwa wenyewe, na kilo zako uzigawe kwa jibu hilo. Mimi: 1.60 mara 1.60 ni 2.56; 84 gawanya kwa 2.56 ni karibu 33. Kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 ndiyo kawaida, 25 kwenda juu uzito umezidi, 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Nilikaa kimya dukani dakika nzima, cherehani imesimama.

Hatua ya pili: wiki moja usibadilishe chochote

Watu huruka hatua hii na ndiyo maana hushindwa. Siku saba kula kama kawaida, ila andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na kile unachoonja jikoni na kiporo cha mtoto unachokimalizia "kisitupwe". Daftari langu lilinionyesha chai mara tatu kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 48, na bado sijahesabu soda ya saa nane mchana wala maandazi mawili ya jirani.

Hatua ya tatu: mafuta. Hapa ndipo penye kazi

Nitakaa hapa kidogo, maana Kigoma ni nchi ya michikichi na sisi mafuta hatuyapimi, tunayamimina.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au protini ina 4. Haijalishi ni mawese, mise (mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi), alizeti au ya kopo la dukani, kijiko kimoja cha chakula kina kama kalori 120. Sasa nenda kwenye chupa yako. Mimi niliandika tarehe kwenye kipande cha plasta nikakibandika kwenye chupa ya lita moja, tukiwa watu watano nyumbani. Iliisha siku ya nne. Hiyo ni mililita 250 kwa siku, 50 kwa kila mtu, yaani zaidi ya kalori 400 kwa mtu mmoja kabla hujagusa ugali. Nilidhani nimeibiwa mafuta. Nikapiga hesabu upya, ikawa ileile.

Nilichofanya: lita moja ikae siku kumi. Nilipaki upawa juu ya kabati, nikaweka kijiko kwenye chupa. Mezani hakuna aliyelalamika, kwa sababu nilibadilisha namna ya kupika.

Dagaa wakavu, kwa mfano. Zamani nilikuwa nawazamisha kwenye mafuta mpaka wawe kama bisi. Sasa nawachambua, nawaosha kwa maji ya moto haraka mchanga utoke, nawakausha kwenye kikaango kitupu juu ya moto mdogo, nikiwageuza mpaka wanukie na kuanza kulia kra-kra. Nawaweka pembeni. Kwenye kikaango hichohicho vijiko viwili vya mawese kwa familia nzima, kitunguu, nyanya nyingi, pilipili. Nyanya zikishaiva na kuwa rojo narudisha dagaa, nakamulia ndimu, nafunika dakika tatu. Rangi ya mawese ipo, harufu ipo.

Jambo lingine kuhusu mawese: usiyaunguze mpaka yatoe moshi na wekundu uishe. Ule wekundu ndio asili ya vitamini A. Ukiuchoma, umebakiwa na kalori zote na faida imepaa na moshi. Na kumbuka kwamba karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu; mise yamezidi hapo. Kwa hiyo mekundu, machache.

Samaki kama mgebuka na kuhe wachomwe au wapikwe mchuzi. Wa kukaanga ni wa sikukuu.

Hatua ya nne: sahani

Gawa sahani kwa macho. Nusu yake iwe mboga za majani: matembele, lengalenga, sombe, kabichi. Robo iwe samaki, dagaa au maharage. Robo inayobaki ni ugali, bonge la ukubwa wa ngumi yako. Ugali wa muhogo hushibisha tumbo kwa uzito, lakini protini yake ni kidogo mno, ndiyo maana mtu anakula bonge kama kichwa cha mtoto na saa kumi njaa inamuuma tena. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa unawala na mifupa unapata na madini ya kalisi. Anza kula mboga, ugali ufuate.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa naiona sahani yangu kama ya mgonjwa. Baadaye jicho lilizoea.

Hatua ya tano: vya kunywa

Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa. Bia ya nusu lita inapita kalori 200. Chai punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, usikate ghafla. Mengine ni maji.

Hatua ya sita: miguu

Shuka kutoka Mwanga mpaka stesheni kwa miguu, na kurudi usipande bajaji. Kile kilima peke yake ni mwalimu. Dakika 30, siku tano kwa wiki, ukitembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, na wiki nyingine hutapata hata hiyo. Mwezi wa nne mimi nilikwama kwenye kilo 78 siku ishirini na mbili. Futi ikanionyesha kiuno kimepungua inchi moja wakati mzani umelala. Ndiyo maana nasema tumia vyote viwili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kasulu: Shikamoo dada. Nina mtoto wa miezi minne ananyonya, na uzazi umeniachia kilo kumi. Naweza kuanza hiyo robo ya ugali?

*Jibu:* Marahaba mdogo wangu, hongera kwa mtoto. Hapana, usianze. Kunyonyesha kunataka chakula cha ziada, na maziwa yanatoka kwenye hicho unachokula. Ondoa soda na maandazi, mafuta yapime, lakini ugali, maharage na mboga kula ushibe. Hizo kilo zipe muda. Na mwenye mimba hali kadhalika, asipunguze chakula. Aongee na kliniki.

Mvuvi wa Katonga: Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, nilinenepa kilo sita. Sikuongeza chakula hata kidogo, naapa. Imekuwaje?

*Jibu:* Nakuamini kaka. Wewe ulikuwa unakesha usiku wa giza unavuta nyavu, na unarudi alfajiri unabeba. Ile sahani ilikuwa ya kazi ile. Kazi ikasimama, sahani ikabaki palepale. Wakati wa kufungwa, hata siku za mbalamwezi ambazo hamtoki, kata ugali nusu, mboga uache nyingi. Ukirudi ziwani rudisha. Na dagaa wakiadimika miezi hiyo maharage ya Kasulu na Kibondo yanajaza pengo vizuri.

Bibi wa Ujiji: Mwanangu, baba zetu walikula mawese tangu enzi na hawakuwa na vitambi. Unatutangazia vita?

*Jibu:* Shikamoo bibi. Sina vita na mawese, nimeyaweka kwenye sahani yangu leo mchana. Ila hao wazee walilima kwa jembe, walitembea mpaka shamba na kurudi, na mawese yenyewe waliyakamua kwa mikono yao. Mtu aliyepata chupa moja kwa jasho la siku nzima haimwagi kama mimi ninayeinunua gengeni nikiwa nimekaa juu ya kiti toka asubuhi.

Dereva bodaboda, Gungu: Maji ya moto na limao asubuhi yanayeyusha mafuta ya tumbo kweli?

*Jibu:* Hapana. Yakikusaidia ni kwa sababu umekunywa hayo badala ya chai ya vijiko vinne. Na wewe uliye juu ya pikipiki siku nzima, miguu yako haijafanya kazi hata kama umechoka.

Mwanachama wa Mwandiga: Nina kisukari, natumia vidonge. Hatua zako nianze lini?

*Jibu:* Baada ya kuongea na daktari wako, siyo kabla. Baadhi ya dawa za kisukari, na sindano ya insulini, zimepangwa kwa kiasi cha chakula unachokula sasa. Ukipunguza ugali ghafla na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mpaka ukatetemeka, ukatoka jasho na kuanguka. Ikikutokea, glasi ya soda ya kawaida au maji ya sukari mara moja, halafu hospitali. Kupungua ni kuzuri sana kwako, ila dawa na chakula vipunguzwe kwa pamoja na mtu anayeona vipimo vyako. Wa presha ni hivyohivyo, na chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Hilo ni gumu kwetu, chumvi ya Uvinza iko jirani na dagaa wengine huja na chumvi yao. Waoshe, na mchuzi usiuongeze chumvi.

Mke wa Bangwe: Dada, hayo ya sahani yanawezekana kwako. Sisi tunakula sinia moja, mama mkwe, mawifi, watoto. Nikianza kujigawia pembeni wataniona najitenga, na nikikonda watasema naumwa au ndoa imenishinda. Nifanyeje?

*Jibu:* Swali hili ndilo lililonisumbua kuliko yote, maana na mimi nilianzia kwenye sinia. Usijitenge, kaa palepale. Fanya mambo mawili. Wewe ndiye unayepika, basi kipimo kiwe jikoni: mafuta ya kijiko, bakuli la mboga kubwa mara mbili ya zamani, ugali sufuria ndogo. Sinia nzima itakuwa imepunguzwa na hakuna atakayenyooshewa kidole. Kisha mezani hesabu matonge. Mimi nilikuwa nakula matonge ishirini na kitu. Nikaamua kumi na mawili, madogo, na kila tonge nalichovya mboga nyingi. Likiisha la kumi na mbili nabaki nimekaa, namlisha mtoto au nachambua samaki miba kwa ajili ya mama mkwe. Mtu mwenye mikono yenye kazi haulizwi kwa nini hali.

La kukonda, ndiyo, watasema. Mwezi wa tano wifi yangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima. Nilimwambia nimepima, nikamfungulia daftari la viuno, ukurasa wangu. Akasoma 41, 40, 38 na nusu, 37. Akanyamaza, akaichukua futi mezani, akajizungushia mwenyewe. Alivuta tumbo ndani.