Pasipoti na tiketi ya mtoto mchanga: jinsi ya kuomba ukiwa Unguja au Pemba

Watu wengi huanza na tiketi. Mie nakwambia uanze na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu karatasi zote zinazofuata hunakili jina kutoka hapo, pamoja na makosa yake.

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, siku ya akika. Kwa hivyo karatasi anayotoka nayo mama hospitali mara nyingi haina jina, na baba ndiye anayeachiwa kazi ya kulipeleka kwa msajili. Huku kwetu msajili ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioundwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018. RITA, msajili wa vizazi na vifo, ni ya Bara, usipoteze nauli yako. Chukua karatasi ya hospitali na vitambulisho vya wazazi wote wawili. Aliyezalia nyumbani aanzie kwa sheha. Siku arubaini za mama kukaa ndani zinatosha kumaliza kazi hii, baba asipozembea.

Kabla hujaondoka dirishani, soma herufi moja moja. Khamis si Hamisi, Saleh si Salehe, na mbele ya mashine Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu. Jina la baba na la babu kwenye cheti cha mtoto yawe vilevile yalivyo kwenye kitambulisho cha baba. Mwanangu wa kwanza alikwama kwa herufi moja tu ya jina la babu yake. Tulikaa wiki tatu tukisubiri cheti kipya, na tiketi tumeshailipa.

Cheti kikiwa sawa, ndipo uombe pasipoti. Mama zetu wanakumbuka enzi mtoto akiandikwa ndani ya pasipoti ya mama yake; siku hizi kila mtu ana kitabu chake, hata wa wiki sita. Ombi la pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza 2018, hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Fomu ni ya mtoto, basi jaza taarifa zake, si zako. Ambatanisha cheti chake cha kuzaliwa, vyeti na vitambulisho vya wazazi, picha, na barua ya ridhaa ya wazazi. Baba akiwa yuko safarini, barua hiyo iandikeni mapema, kwani ndiyo inayochelewesha wengi. Mfumo utakupa namba ya ombi, iandike kwenye karatasi pia maana simu hupotea, pamoja na namba ya malipo. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Ukishalipa, chapisha fomu, uende nayo afisi ya Uhamiaji na vyeti halisi, na mtoto mwenyewe mkononi.

Picha ina vituko vyake. Mtoto wa miezi miwili hakai kitini, na mkono wa mama hautakiwi kuonekana. Mlaze juu ya shuka isiyo na maua, mpigapicha asimame juu yake, na mpigeni picha akishashiba, macho yakiwa wazi. Na wanja umfute! Najua bibi yake atanuna, lakini nyusi zilizochorwa hadi kwenye paji la uso hazifai kwenye pasipoti. Atampaka tena jioni.

Kuna jambo wanawake wa Kizanzibari hulisahau. Sisi hatubadilishi jina tukiolewa. Mama ni Asha Ali Juma, mtoto ni Nasra Said Makame: hakuna hata jina moja wanaloshirikiana. Afisa wa nchi ya watu akiona hivyo, ana haki ya kuuliza huyu mtoto ni wa nani. Safiri na cheti cha kuzaliwa halisi, si nakala, na barua ya baba kama hamko naye. Bibi anayempeleka mjukuu kwa wazazi wake Maskati anahitaji barua hiyo zaidi kuliko mtu yeyote.

Visa ya mtoto huombwa kivyake. Kuhusu homa ya manjano, kwa kawaida mtoto hachanjwi kabla ya miezi 9. Wewe ukihitaji kuchanjwa, mwambie muuguzi kuwa unanyonyesha, na ujue kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Sasa tiketi. Aliye chini ya miaka 2 hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, lakini lazima awe na tiketi yenye jina lake. Akitimiza miaka 2 kabla ya kurudi, safari ya kurudi atahitaji kiti. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja, kwa hivyo mama wa pacha atafute mwenzake. Kwenye ndege kubwa ulizia kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya mwanzo. Ni vichache, huombwa unapokata tiketi, na vina kikomo cha uzito. Ndege ndogo za kutoka Wawi, Pemba, ni nusu saa tu kufika Unguja na hazina anasa hiyo. Huko pasipoti haitakiwi, lakini cheti cha kuzaliwa beba, kinathibitisha umri. Mizigo yao mara nyingi ni kilo 15, basi acha kigari nyumbani, chukua mbeleko.

Penye ukaguzi mtoto hutolewa kwenye mbeleko. Maziwa yake hayabanwi na ule mpaka wa mililita 100 wa vimiminika vya kubeba mkononi, ila yatoe uyaoneshe kabla hujaulizwa.

Ndani ya ndege utapewa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye mkanda wako. Usimfunge pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja, maana ndege ikifunga breki kwa nguvu ni mwili wako utakaombana. Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka, na kumeza ndiko kunakoyafungua. Kwa hiyo usimmalizie ziwa mkiwa angani. Mbakishie njaa kidogo, na ukisikia tangazo la kuteremka, mnyonyeshe.