Namna ya Kusanifu Mfumo Mmoja Unaobeba Blogu za Watu Wengi

Anayetaka kujenga huduma ya blogu jijini Nairobi, ambamo mwalimu wa Kayole, chama cha kina mama wa Kawangware na mwandishi wa habari za michezo watachapisha kila mmoja kwenye tovuti yake bila kukodi seva, aanze na swali moja kabla hajaandika msimbo wowote: mfumo utajuaje kwamba ombi lililoingia ni la blogu ya nani? Jibu lake ndilo linalopanga hifadhidata, kache (hifadhi ya muda ya kurasa zilizokwisha kuundwa), usalama na nakala rudufu, na mradi unaoliahirisha huja kufumuliwa wakati tayari una wateja.

Utambuzi huo ufanyike mlangoni. Kila ombi la kivinjari huja na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti inayotafutwa. Seva ya mbele ilisome, ilitafute katika jedwali la vikoa, kisha ilipe ombi namba ya blogu itakayofuatana nalo mpaka jibu litoke. Jina lisilojulikana likataliwe hapo hapo. Jedwali hilo hilo litamwezesha mteja kuleta kikoa chake cha .co.ke, mradi usiombe cheti cha usalama kabla ya kuhakikisha kwamba kikoa kimeelekezwa kwako. Kuhuisha vyeti iwe kazi ya programu, kwa kuwa vile vya Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti bila malipo, havidumu zaidi ya siku 90.

Katika hifadhidata ndipo penye uamuzi mzito. WordPress, programu ya kuendesha blogu, inapoendesha tovuti nyingi pamoja, huipa kila blogu majedwali yake. Utengano huo ni mzuri, lakini blogu zikifika maelfu, badiliko moja la muundo hurudiwa maelfu ya mara. Kwa timu ndogo ninapendekeza majedwali ya pamoja, ambamo kila safu mlalo hubeba namba ya blogu, na faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji) huanza na namba hiyo ikifuatwa na tarehe ya kuchapishwa. Hatari yake ni kwamba sharti la namba ya blogu likisahaulika katika ulizo moja la hifadhidata, rasimu ya mtu itasomwa na mwingine. Jambo zito kama hili lisiachiwe umakini wa mwandishi wa programu peke yake: washa ulinzi wa safu mlalo uliomo katika programu ya hifadhidata ya PostgreSQL tangu toleo la 9.5, ili hifadhidata yenyewe ikatae. Programu iingie kwa akaunti isiyomiliki majedwali, kwa sababu mmiliki, kwa kawaida, hazuiwi na ulinzi huo.

Tenganisha kisha njia ya kusoma na njia ya kuandika. Makala huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, tena na watu wanaotumia bando la simu wakiwa ndani ya matatu. Si haki kwao wala kwa seva yako kuunda ukurasa upya kila unapofunguliwa. Ukurasa ukishaundwa, uweke katika kache. Memcached, programu ya kache, iliandikwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya huduma ya blogu ya LiveJournal, ili kuipunguzia hifadhidata mzigo wa namna hii. Ufunguo wa kache, yaani jina ambalo ukurasa huhifadhiwa na kutafutwa kwalo, lazima uwe na jina la kikoa pamoja na njia ya ukurasa, la sivyo ukurasa wa mbele wa blogu moja utatolewa kwa wasomaji wa nyingine. Kurasa za mtu aliyeingia kwenye akaunti zisiwekwe kabisa katika kache ya pamoja. Makala yakihaririwa, futa katika kache ukurasa wake, ukurasa wa mbele, kurasa za mada zake na mlisho wa RSS (orodha ya makala mapya inayosomwa na programu).

Mwandishi anapobonyeza kitufe cha kuchapisha, hifadhi maandishi na umjibu papo hapo. Kupunguza picha na kutuma barua pepe kwa waliojiandikisha kuende kwenye foleni ya kazi zitakazofanywa baadaye. Kila kazi ya foleni ibebe namba ya blogu, na isanifiwe hivi kwamba ikirudiwa baada ya umeme kukatika, msomaji hapokei barua mbili.

Blogu zisikae kwenye kikoa kimoja na ukurasa wa usimamizi. Google hutenganisha blogger.com, panapoandikiwa blogu, na blogspot.com, zinaposomewa, na utengano kama huo huzuia msimbo uliopachikwa katika blogu ya mtu kufikia vidakuzi vya msimamizi, yaani alama zinazomtambulisha kwenye kivinjari.

Nakala rudufu ziwezeshe kurejesha blogu moja bila kugusa nyingine. Mteja naye awe na njia ya kupakua makala na picha zake zote: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupokea data zake binafsi katika muundo unaosomeka na mashine. Kabla ya kufungua huduma, tengeneza blogu mbili za majaribio, ingia kwa akaunti ya kwanza, kisha uombe kwa namba rasimu, picha na orodha ya wasomaji wa ya pili. Ombi hata moja likijibiwa kwa kingine kisichokuwa kukataliwa, usifungue.