Shawa ya umeme ya wati 5,500: waya wa 2.5, wa 4 au wa 6?

Shawa ya umeme mara nyingi huvutiwa waya wa 2.5 (ukubwa wa shaba yake kwa milimita za mraba), uleule wa soketi. Inawaka na maji yanapata moto, kwa hiyo kila mtu anaona kazi imekwisha. Kumbe plastiki ya waya inaendelea kuiva kidogo kidogo juu ya dari, pasipo mtu kuiona. Fanya hesabu kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya 1: ampea. Soma wati kwenye kibandiko cha shawa, ugawe kwa volti: 5,500 ÷ 230 = 23.9. Kwa pampu au mashine ya kusaga usigawe hivi, kwa sababu mota huvuta zaidi ya nguvu inayotoa. Soma ampea zilizoandikwa kwenye kibati chake.

Hatua ya 2: breka. Chukua inayofuata juu ya ampea za mzigo, yaani 25. Kazi ya breka ni kulinda waya, si shawa, kwa hiyo waya lazima uweze kubeba ampea zote za breka. Ukifunga breka ya 32 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani, waya nao lazima upande.

Hatua ya 3: joto. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Waya wa shaba wenye plastiki ya PVC, laivu na nyutro ndani ya paipu ukutani, hewa ikiwa nyuzi joto 30, hubeba hivi:

2.5: ampea 24
4: ampea 32
6: ampea 41
10: ampea 57

Mzigo ni 23.9 na waya wa 2.5 unabeba 24, basi fundi anaona zimelingana. Lakini waya hauishii ukutani. Unapita juu ya dari, chini ya bati, ambako hewa inaweza kufika nyuzi 50. PVC hii inavumilia nyuzi 70. Ikianzia 30 ina nafasi ya nyuzi 40 za kupanda. Ikianzia 50 imebakiwa na 20 tu. Kwa nyuzi 50 zidisha kwa 0.71, na ile 24 inakuwa 17. Mtu mmoja akioga dakika tano waya unahimili. Watu sita wakifuatana jioni, bati likiwa bado na joto, hauhimili.

Kupata waya sahihi, gawa ampea za breka: 25 ÷ 0.71 = 35.2. Waya wa 4 umeanguka, chukua wa 6. Kwa breka ya 32 ingekuwa 45, yaani waya wa 10. Ukichanganya saketi mbili nzito ndani ya paipu moja, gawa tena kwa 0.80: hata breka ya 25 inakudai waya wa 10. Ni nafuu kuipa shawa paipu yake.

Hatua ya 4: umbali. Kila ampea kwenye kila mita hupoteza milivolti 18 kwa waya wa 2.5, 11 kwa wa 4, 7.3 kwa wa 6, na 4.4 kwa wa 10. Kwenda na kurudi vimeshahesabiwa, kwa hiyo usizidishe urefu mara mbili. Mita 18 za waya wa 6: 7.3 × 23.9 × 18 ÷ 1,000 = volti 3.1. Hakuna shida. Kwa banda la nyuma lililo mita 60 inakuwa 10.5, karibu na kikomo cha volti 11.5 (asilimia 5), na shawa inashuka hadi kama wati 5,000. Hapo vuta wa 10.

Hatua ya 5: dukani. Maandishi kwenye roli si ushahidi. Waya wa 6 wenye nyuzi 7 za shaba ndani unatakiwa uwe na nyuzi za milimita 1.04 kila moja. Pima kwa kalipa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukionyesha weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Uzito nao husema: shaba peke yake katika mita 100 za waya wa 6 ni takriban kilo 5.3. Roli nzima, plastiki ikiwemo, ikiwa na kilo 4, umepunjwa.

Hatua ya 6: kufunga. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa, na kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni. Waya wa ethi nao uwe wa 6, na saketi ipite kwenye RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Waya usipoingia kwenye tundu la skrubu, usikate nyuzi mbili tatu ili uingie. Sehemu hiyo imeshakuwa waya wa 4. Kwenye shawa unganisha kwa konekta ya kauri. Kusokota na kuzungushia tepu hakufai, maana tepu huyeyuka.

Washa dakika 20 mfululizo, kisha zima meni na uguse skrubu za breka na konekta. Uvuguvugu ni kawaida. Zikikufanya uondoe kidole, au ukisikia harufu ya plastiki, skrubu imelegea: kata kipande kilichobadilika rangi, menya upya, kaza, ujaribu tena.