Somo: Kuisoma picha ya Dora Maar ya Picasso (msinijie tena inboksi)

Wadau, wiki hii tu watu watano wameniuliza "huyu mama mbona ana sura mbili", naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa. Ni ile ambayo mchoraji Picasso alimchora mpenzi wake Dora Maar mwaka 1937, iliyopo makumbusho ya Picasso, Paris, rangi ya mafuta, sentimita 92 kwa 65.

1. Tafuta picha kubwa, sio kijipicha kilichofinywa cha wasap.

2. Andika alivyokaa: kiti cha mikono, mkono mmoja umeinuliwa usoni, kucha nyekundu.

3. Uso. Hapa ndo nilichemka enzi zangu za chuo, nikaandika kurasa mbili nzima kwamba mwanamke analia anateseka, kisa nilishasoma habari za Mwanamke Anayelia, ambaye naye ni Dora na ni ya 1937 hiyohiyo, ila ni picha nyingine na ipo London. Mwalimu akasema haya nionyeshe chozi. Darasa zima linanisubiri, natafuta chozi, hamna. Huyu ametulia kabisa, karibu atabasamu. Kwa hiyo historia ya maisha yake weka pembeni mpaka macho yako yamalize kazi. Funika jicho moja kwa kidole, halafu hamia lingine. Pua imekaa kiubavu lakini macho yote mawili unayaona, ni kama mchoraji amezunguka kiti. ONYO: usiandike "uso umeharibika". ONYO la pili: macho hayafanani rangi, wengi wanaruka hapo.

4. Malizia na chumba. Chembamba, mistari mistari, kimembana.

MASWALI

— Mkuu nifupishie, nawasilisha kesho.
Hatua ya 3.

— Si alikuwa tu hajui kuchora?
Katazame Ciencia y Caridad, picha yake ya 1897, alikuwa na miaka 15. Ukimaliza rudi.

— Samahani kaka, huu mtindo wa kuonyesha kitu kutoka pande kadhaa kwa pamoja, kubizimu, si wa kabla ya vita ya kwanza ya dunia? Hii 1937 imeingiaje?
Umeniamsha dada. Kweli, Picasso na mchoraji mwenzake Braque waliijenga kabla ya 1914, na zile za 1911 ni kahawia na kijivu tupu. Hapa rangi zinapiga kelele, kilichobaki ni ule ujanja wa kuonyesha pande mbili kwa mkupuo. Andika "mbinu za kikubisti", hakuna atakayekukamata. Halafu Dora mwenyewe alikuwa mpiga picha, ndiye aliyepiga picha hatua kwa hatua wakati Guernica, ile picha kubwa ya Picasso kuhusu vita, ikichorwa mwaka huohuo.

— Vile vinyago vya Kiafrika ambavyo Picasso aliiga si vya Kimakonde?
Hapana ndugu yangu. Alivyokutana navyo makumbusho ya Trocadéro, Paris, 1907 vinavyotajwa zaidi ni vya Afrika Magharibi na ya Kati. Najua inauma.

— Mimi huwa naigeuza nyeusi na nyeupe kwenye simu, naona mwanga uko wapi.
Hiyo nzuri, naiongeza.

— Sasa nifunike jicho lipi?
Umefunika hata moja kwanza?