Ukikabidhiwa ngonjera ya mahafali

Mwaka 1991, nikiwa darasa la tano Kilosa, nilisimama mbele ya meza ya mgeni rasmi nikasahau ubeti wangu wa ngonjera, lile shairi la majibizano. Sikuukosea, ulipotea wote. Nakumbuka kitambaa cha mezani, soda ya chungwa iliyofunguliwa na haijanywewa, na nzi anazunguka mdomo wa chupa. Mkono wa kulia nilishaunyoosha kama tulivyofundishwa, ukabaki hewani.

Leo mimi ndiye mfundishaji. Msimu wa mahafali ya darasa la saba ukikaribia, walimu wa shule anakosoma binti yangu hunikabidhi watoto kumi na wiki tatu. Nawe yakikukuta, fanya hivi.

Kwanza tafuta ugomvi. Ngonjera isiyo na mabishano ni risala yenye vina. Mshairi Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, walipoieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967, upande mmoja ulikuwa haujaelewa, wa pili unaelimisha, mwisho wanakubaliana. Mpangilio huo bado unafaa, ila asiyeelewa mpe hoja yenye nguvu. Ukimfanya zuzu watu watasinzia, na hapo ndipo utakapoambiwa "acha ngonjera zako". Mwaka jana mtoro wangu aliuza karanga stendi, akaanza hivi:

Shule mimi sina hamu, karanga ninazouza,
Nikipata hela tamu, masomo nayapuuza.

Wazazi wakacheka, maana wanamjua mtoto wa namna hiyo. Mwenzake akamjibu kwa mshororo mmoja tu:

Hesabu huifahamu, chenji unaipoteza.

Mizani nane, yaani silabi nane, pumziko, kisha mizani nane. Hesabu kwa vidole, usiamini sikio. Walimu wengi huiruka ile "m" ya "mtoto" au "mgeni", kumbe ni mizani kamili. Mshororo ukizidi mizani moja, mtoto atakimbiza maneno ili afike, na hapo ndipo anapojikwaa. Maneno kama "maendeleo endelevu" waachie watu wa risala.

Kukariri ndiko kwenye kazi. Enzi zetu kila mtu alipewa ubeti wake kwenye kipande cha karatasi, akaenda nao nyumbani. Mimi niliukariri nikichota maji, niliujua mpaka usingizini. Lakini sikujua wa mwenzangu, wala yeye hakujua wangu, kwa hiyo nilipokwama hakukuwa na wa kuninong'oneza. Aliyeniokoa ni msichana mmoja wa kwaya, amekaa chini kwenye mkeka kusubiri zamu yao. Alikuwa ametusikia tukifanya mazoezi chini ya mwembe wiki nzima. Akasema neno la kwanza, "Enyi", kwa sauti ya chini kabisa, na ubeti wote ukarudi.

Kwa hiyo mimi sigawi karatasi kabla ya wiki ya pili. Wote kumi wanakariri ngonjera nzima, pande zote mbili, kwa kuitikia mshororo baada ya mshororo. Ndipo nagawa. Halafu nafanya mchezo: katikati ya mazoezi namgusa mmoja begani, ananyamaza, na wa kulia kwake anadaka palepale. Wanaupenda kuliko ngonjera yenyewe.

Mikono isiwe mingi. Mmoja unyooke kwa anayeambiwa, basi. Sauti wajizoeze uwanjani, wewe ukisimama mbali, kwa sababu kipaza sauti hukohoa siku hiyohiyo.

Usisahau watunzaji. Mama akimwona mwanawe atanyanyuka na kanga yake, atacheza taratibu hadi mbele, atambandika noti kwenye paji la uso. Mtoto asiyezoezwa ataendelea kughani huku noti imemziba jicho. Mfundishe kunyamaza, kungoja vigelegele viishe, kisha aurudie mshororo ule tangu mwanzo. Kwenye mazoezi mimi hutumia majani ya mwembe badala ya noti.

Kuhusu mgeni rasmi: ukiambiwa saa nne, panga saa nane. Wetu alikuja saa nane na nusu, na wawili kati yetu walishakaa chini kwa kizunguzungu. Uji wanywe asubuhi, wakae kivulini, soksi nyeupe wavae gari likishaonekana.

Ubeti wa mwisho waseme wote pamoja, wainame, na watoke kwa upande uleule walioingilia. Hili la mwisho lionyeshe kwa chaki ardhini. Sisi nusu tulikwenda kushoto, nusu kulia, na walioenda kulia wakaivaa kwaya iliyokuwa inaingia na ngoma zake.