Mjue samaki kwa ukoo wake kabla hujampeleka jikoni

Samaki yuleyule aitwaye tasi Dar es Salaam na Unguja, ukifika Mombasa ni tafi. Kwa hiyo anayejifunza kununua samaki simwanzishi na majina. Namwonyesha alama za mwili, maana hizo hazibadiliki, na ndizo zinazokuambia nyama itavumilia moto gani. Napika samaki kwa biashara, na kila alfajiri nikiwa mnadani Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, nafuata mpango huu.

Hatua ya 1: Anza mkiani

Tazama kati ya pezi la mgongo na mkia. Ukiona safu ya vipezi vidogo vidogo, juu na chini, kama meno ya msumeno, huyo ni wa ukoo wa jodari. Humo wamo jodari mwenyewe, sehewa, nguru na vibua. Jodari haachi kuogelea maisha yake yote, ndiyo maana nyama yake ni nyekundu na nzito. Mkate vipande vinene na usimkawize motoni, atakauka. Nguru nyama yake ni nyeupe zaidi, inashikana, na magamba ya kupaa karibu hana; kwa mchuzi wa nazi sijaona wa kumfikia. Vibua wana mafuta yao, wachome.

Ukoo huu ndio unaodhuru upesi ukikosa barafu. Samaki akipata joto, bakteria hutengeneza sumu iitwayo histamini ndani ya nyama, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Niliwahi kununua sehewa waliokaa juani kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na hawakuwa wananuka hata kidogo. Mchana wateja wangu wawili wakawashwa midomo, vipele vikawatoka, vichwa vikawagonga. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo naanza kwa kushika tumbo la samaki: kama si la baridi, hata bei siulizi.

Kolekole naye ana shina la mkia jembamba, ila hana vipezi vile. Pitisha kidole ubavuni kuelekea mkiani, utakwaruzwa na magamba magumu kama tupa. Ni wa kuchoma au mchuzi.

Hatua ya 2: Kwa samaki wa miambani, tazama uso

Changu, hapo chini ya jicho pana ngozi tupu isiyo na magamba. Mnofu wake ni mweupe, mtamu, mkaange mzima. Chewa ana mdomo mpana, taya la chini limetokeza mbele. Kichwa chake usikitupe, ndicho chenye supu. Pono meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, na nyama yake ni laini, inavunjika ovyo. Mpake unga, mafuta yachemke sawasawa, umgeuze mara moja tu.

Hatua ya 3: Kwa tasi, shika mkasi kwanza

Ni bapa, mdomo mdogo, ngozi yenye utelezi. Miiba ya mgongoni na tumboni ina sumu, hata akiwa ameshakufa. Ikate yote kabla ya kugusa kisu. Ikikuchoma, loweka mkono katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu.

Kisha mtoe matumbo palepale. Tasi hula mwani, na matumbo yakikaa, au ukiyapasua kwa kisu, harufu huingia kwenye mnofu na ndimu haiiondoi. Fungua tumbo kwa ncha ya kisu, ingiza kidole, uyavute yatoke mazima.

Mchanje mbavuni, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Subiri makaa yafunikwe na jivu jeupe ndipo umweke. Ngozi ikianza kuvimba na kuachia wavu bila kung'ang'ania, mgeuze, umpake tui zito lenye pilipili, na urudie kumpaka mpaka tui likauke juu yake.